Mabega na Amri: Tarikh ya Kunyoosha Viungo katika Nyanda za Mbulu na Hanang

Aghalabu tarikh za nchi huandikwa kwa majina ya watawala na kwa miaka ya vita, na kiwiliwili cha mtu wa kawaida, ambacho ndicho kilichobeba mizigo ya watawala hao na silaha za vita hivyo, huachwa bila kutajwa, kana kwamba mgongo na mabega havina habari za kusimuliwa. Makala haya yamekusudia kuzisimulia habari hizo kwa kadiri zinavyohusu nyanda za juu za Mbulu na Hanang, toka miteremko ya Kainam hadi kata ya Masakta na vijiji vinavyouzunguka mlima Hanang, ambao kilele chake kimeinuka zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ninalotaka kulithibitisha ni kwamba kunyoosha mabega na mgongo wa juu, jambo ambalo siku hizi tabibu huliagiza kwa ajili ya siha, lilikuwapo huku tangu zamani kama faraja ya mtu binafsi baada ya kazi, kisha likaletwa upya na dola kama amri, na hata leo, katika shule na viwanja vyetu, sauti ya amri hiyo haijanyamaza.

Wairaqw, ambao serikali zilizopita na majirani wengi waliwaita Wambulu, walikaa kwa muda mrefu katika sehemu moja ndogo ya milima, Irqwar Da'aw, ambamo ardhi ilikuwa finyu, watu wengi, na hofu ya mashambulio kutoka mbugani haikuwaruhusu kutawanyika. Kwa sababu hiyo walilima kwa ustadi ambao wageni wa karne ya 20 waliustaajabia: walikata matuta kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo, walifukia majani chini ya ardhi yakaoza, na samadi ya zizini, ambayo kwingineko iliachwa irundikane, waliibeba kwa vikapu hata shambani. Kazi hizo zote ni kazi za mabega. Jembe la mkono huinuliwa kwa misuli ya mgongo wa juu na hushushwa kwa nguvu za kifua, na baina ya kuinua na kushusha mwili haupati kusimama wima. Hata mtu akiisha kulima tangu alfajiri mpaka jua la utosini, misuli ya kifua huwa imejikaza ikayavuta mabega mbele, na ile iliyo baina ya makombe ya mabega huwa imevutwa ikachoka, pahali pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki kujisugua. Dawa yake haikuhitaji mwalimu. Mkulima husimamisha jembe, huweka viganja vyake juu ya mpini, hurudi nyuma hatua mbili, kisha hukishusha kichwa chake baina ya mikono iliyonyooka na kuuachia mgongo uzame, mpaka asikie makwapa yakifunguka na mbavu zikipata nafasi. Hupumua mara tatu au nne, huinuka, akaendelea na tuta lake.

Mwanamke naye, kabla mashine za kusaga hazijafika, alipiga magoti nyuma ya jiwe lililolazwa kwa mwinamo, akasukuma jiwe dogo mbele kwa uzito wa mabega yote mawili na kulirudisha, mtama ukigeuka unga kidogo kidogo chini ya viganja vyake. Na mtama wa chakula cha nyumba moja haukusagwa kwa dakika chache. Alipoinuka, alifungamanisha vidole nyuma ya kisogo, akavifungua viwiko kwa upana wote, akaurudisha mgongo nyuma huku amefumba macho. Yeyote aliyepata kukaa jikoni kwa bibi yake anaijua ishara hiyo, wala hapana mtoto aliyeiona akadhani kwamba bibi anafanya mazoezi.

Walakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa wachungaji. Wabarabaig, ambao ni katika jamii za Wadatoga, na ambao malisho yao yalitanda kuuzunguka mlima Hanang hata bonde la ziwa Balangida, hutembea na ng'ombe kutwa nzima wakiwa na fimbo ndefu, na fimbo hiyo ina kazi nyingi: huelekeza ng'ombe, hufukuza nyoka, hupima kina cha maji, na kundi linapotulia malishoni, mchungaji huilaza juu ya mabega yake, nyuma ya shingo, kisha huipitisha mikono yote miwili juu yake, vifundo vya mikono vikaning'inia mbele. Tuitazame hali hiyo kwa jicho la tabibu. Uzito wa mikono, ambao kwa desturi huning'inia kwenye misuli ya shingo na mabega, umepokewa na fimbo, makombe ya mabega yamekaribiana nyuma, kifua kimefunguka, na mwenye fimbo akiupindua mwili wake taratibu, kuume na kushoto, ili alihesabu kundi lake, pingili za mgongo wa juu, ambazo ni nzito kugeuka kuliko zile za shingo, nazo hugeuka. Wanaofundisha mazoezi ya kunyoosha mabega mijini huwauzia watu fimbo nyepesi kwa ajili ya jambo lilo hilo. Na hapa sina budi kuongeza kwamba mtu aliyesimama namna hii, tena aghalabu kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili ukiwa umeegemezwa gotini, ndiye ambaye maofisa wa zama za ukoloni walimtazama wakamwona kuwa ni sura ya uvivu. Walitazama starehe ya dakika kumi wakaacha kutazama mwendo wa kutwa.

Mabega yalipata mtihani mwingine katika zama za misafara. Njia kuu za pembe na bidhaa zilipita mbali kidogo na milima ya Wairaqw, kwa upande wa Tabora na kwa upande wa Kondoa Irangi, na Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuiona nchi hii, Oscar Baumann, alifika katika mwaka 1892 akiongoza msafara wa wapagazi kutoka pwani. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, usihesabu mkeka wake, chungu chake na posho yake. Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, na Wanyamwezi, ambao walikuwa mahodari wa kazi hiyo kuliko wote, walibeba begani, wakihamisha mzigo toka bega la kulia hata la kushoto bila kusimama. Ngozi ya pahali hapo iliota sugu, na sugu hiyo miongoni mwao ilikuwa kama cheti cha kazi. Wairaqw na Wadatoga, kwa bahati yao, walikuwa na punda, na kwa hiyo mizigo mingi ya nchi hii haikukaa juu ya mabega ya watu. Ila vita vya 1914 mpaka 1918 vilipokuja, majeshi ya pande zote mbili yaliwatia watu wa Tanganyika katika upagazi kwa maelfu na maelfu, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, ambapo kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilipiga kambi, lingali ukumbusho wao.

Sasa tufike kwenye amri. Katika mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi nje ya Berlin, akiwa na azma ya kuwatayarisha vijana wa Prussia kupigana na Wafaransa waliowashinda. Na miaka miwili baadaye, katika 1813, Pehr Henrik Ling alianzisha chuo chake mjini Stockholm, akapanga mazoezi ya mikono, mabega na mgongo kwa daraja, kila moja likiwa na mwanzo wake, kipimo chake na mwisho wake, yafanywe kwa kufuata neno la mwalimu. Ling alikuwa na nia ya tiba vilevile, na hilo lazima tumtendee haki. Walakini yeye naye aliyaweka mafunzo ya jeshi miongoni mwa nguzo za elimu yake. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, elimu ya viungo ya Ulaya ilikuwa na mguu mmoja hospitalini na mguu wa pili kambini.

Wadachi walipoitwaa nchi yetu walikuja na ule mguu wa kambini. Askari wao walifundishwa kwata, watoto wa shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika 1892 walifundishwa kusimama na kutembea kwa safu, na boma lilipojengwa Mbulu, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa milimani waliona kwa mara ya kwanza watu wengi wakinyanyua mikono kwa wakati mmoja kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja. Watu wa pwani, kama ilivyo tabia yao, waliigeuza amri hiyo kuwa mchezo: ngoma ya beni, iliyotokea Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 ikaenea bara pamoja na askari na makarani, ilikuwa na safu, vyeo, sare na mabega yaliyonyooshwa kijeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa umaridadi wa kwata kuliko kwa jambo jingine. Naona fahari kubwa katika habari hiyo.

Mwingereza alipoingia alileta kitabu. Baada ya vita vyao na Makaburu vya 1899 mpaka 1902, Waingereza walifadhaika kuona vijana wao wengi wakikataliwa jeshini kwa udhaifu wa miili. Kamati ikaundwa, ikatoa taarifa yake katika 1904, na tokea hapo wizara yao ya elimu ikatunga mitaala ya mazoezi, mmoja baada ya mwingine, kwa kuifuata njia ya Ling, hata ukafika mtaala mashuhuri wa 1933 uliotumika sana katika makoloni. Ndivyo hofu ya upungufu wa askari mjini London ilivyopata kuwa somo la asubuhi kwa mtoto wa Dongobesh.

Asubuhi hiyo inafaa kuelezwa, kwa kuwa wazee wengi wa leo wameipitia. Wanafunzi husimama kwa safu katika uwanja wenye umande, kila mmoja akinyoosha mkono mpaka kwenye bega la mwenzake ili nafasi zilingane. Mwalimu hupuliza filimbi. Mikono mbele, mikono juu, mikono kando, mikono mabegani; moja, mbili, tatu, nne; kisha viwiko vizungushwe, mbele mara nane na nyuma mara nane; kisha kuinama mgongo ukiwa bapa, mikono ikipanuliwa kama mbawa, na mwalimu akipita kati ya safu huku akiusukuma kwa kiganja mgongo wa mtoto aliyepinda. Katika watoto hao mmoja amekwisha kuteka maji na kuyabeba tangu giza halijapambazuka, mwingine amefungulia ndama, mwingine amekuja kwa miguu mwendo wa saa nzima. Na hao wote huambiwa wapashe miili moto. Lililofundishwa hapo, kwa rai yangu, lilikuwa ni kungoja. Mtoto alijua tangu zamani kunyoosha mabega yake yanapouma, na sasa alijifunza kuyanyoosha anapoamriwa, na kutoyanyoosha kabla ya hapo.

Hawakukosekana Waingereza walioliona tatizo hili. W. B. Mumford, aliyeiongoza shule ya Malangali katika nyanda za kusini kuanzia 1928, alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za nchi: wanafunzi walivaa nguo za kwao, wazee walipewa nafasi shuleni, na ngoma na kutupa mikuki vikahesabiwa kuwa elimu. Atupaye mkuki huurudisha mkono nyuma mpaka bega lifunguke kabisa, kisha huuzungusha mgongo wote; katika vitabu vyote vya Stockholm na London hamna zoezi la mabega lililo timamu kuliko hilo. Jaribio hilo halikuenea. Wengine walilishuku kuwa ni hila ya kuwanyima Waafrika elimu ya kweli, na shaka yao, katika nchi iliyotawaliwa, haikuwa ya kijinga.

Uhuru ulipopatikana, filimbi haikuwekwa chini. Ilibadilisha mikono tu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa katika Julai 1963. Katika 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Na shuleni mchakamchaka wa alfajiri, pamoja na nyimbo zake za uzalendo, ukawa desturi ambayo hapana Mtanzania wa makamo asiyeikumbuka kwa miguu yake. Fauka ya hayo ilikuja halaiki, kwa mfano wa nchi za kijamaa: mamia ya watoto wakaijaza nyasi ya kiwanja katika sherehe za taifa, wakainua mikono na kuishusha hata jukwaani wakaonekana kuwa mwili mmoja. Halaiki ni nzuri kutazama, nami siwezi kukana. Ila mtoto aliyesimama katikati yake hapati kuiona, naye hunyoosha bega lake kwa ajili ya jicho la mwingine.

Katika zama hizo hizo nyanda hizi zilitoa watu ambao dunia iliwajua kwa miguu yao. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968, akaanguka njiani akaumia goti, na bega lake nalo likagonga barabara; akaendelea, akaingia kiwanjani wa mwisho katika waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari za goti lake zimesimuliwa sana, na za bega zimesahauliwa, ingawa kila mkimbiaji ajuaye kazi yake anafahamu kwamba mikono ndiyo inayoipimia miguu mwendo, na kwamba akiyakaza mabega katika maili za mwisho hujinyima pumzi mwenyewe. Baada yake Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16; naye Gidamis Shahanga wa Katesh akashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton katika 1978, kisha mita 10,000 mjini Brisbane katika 1982. Watu husema ni mapafu ya milimani. Yamkini, ila atazamaye picha za Bayi aliyetangulia mbele ya wenzake huko Christchurch, na atazame jinsi mabega yake yalivyotulia.

Mageuzi ya kazi yalikuja kwa gurudumu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalifunguliwa katika uwanda wa Basotu na jirani zake, yakafikia saba, yenye jumla ya takriban eka laki moja, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika hilo lilifika hata Mahakama ya Rufani, ambayo katika 1985 iliamua dhidi ya wanakijiji, na habari hiyo inastahili makala yake yenyewe. Katika makala haya niseme tu kwamba trekta lilipunguza idadi ya migongo iliyoinama, likaleta maumivu ya namna nyingine, maana ashikaye usukani kutwa, mikono ikiwa mbele na mwili ukitikiswa, hukaza shingo na mabega bila kujua, tena hana jembe la kuegemea wala fimbo ya kulaza shingoni. Dereva wa bodaboda wa Katesh na kijana aliyeinamia simu yake wamo katika hesabu hiyo.

Ule mguu wa hospitalini ulichelewa kufika. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa na wamisionari wa Kinorwe katika 1955, na ile ya KCMC mjini Moshi katika 1971, na katika hospitali kama hizo ndimo fiziotherapia, elimu ya kutibu viungo kwa mazoezi na kwa mikono, ilimomfikia mtu wa kawaida. Serikali nayo imeendelea kuhimiza: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo; Zanzibar nao wana siku yao, tarehe 1 Januari, ambapo vikundi vya mazoezi hufunga mwaka na kufungua mwingine kwa jasho. Ni jambo jema, walakini bado ni tangazo litokalo juu, na husikika mjini kuliko shambani.

Kwenye chumba cha fiziotherapia mambo huenda kwa namna nyingine. Kiungo cha bega, ambacho kimeshikwa na misuli kuliko na mifupa, kwa kuwa kina cha kitako chake ni kifupi, huteguka kwa wepesi na huganda kwa wepesi, hasa kwa waliovuka miaka 40 na kwa wenye kisukari. Na mtu aliyeganda bega hawezi kujifunga kanga, wala kuchana nywele, wala kulalia ubavu. Huambiwa asimame mbele ya ukuta, avitambaze vidole vyake juu kidogo kidogo mpaka maumivu yaanze, aishie hapo, ahesabu taratibu, ashuke. Kesho apande upana wa kidole kimoja zaidi. Huambiwa aulaze mkono mbele ya kifua na kuuvuta kwa mkono wa pili. Huonyeshwa namna ya kushika fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima ukiusukuma ulio mgonjwa. Asilazimishe, asihesabiwe na mtu, afanye asubuhi na jioni nyumbani kwake kwa miezi, maana bega lililoganda halina haraka. Ila kwa mtu aliyetoka shambani maongezi hayaishii hapo, kwa kuwa mvua hazingoji bega lipone, na aghalabu yeye huuliza ni wiki ngapi kabla ya kushika jembe tena, na mtaalamu mwenye hekima, kabla ya kumjibu, humtaka kwanza amwonyeshe jinsi anavyolishika.